Chupa ya Sukari Hutundikwa Lini?

Hapa Columbus, Ohio, ukiuliza chupa ya kulishia ndege mvumaji (hummingbird) itundikwe lini, utajibiwa kwa sikukuu. Wengi watakwambia Aprili 15, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi. Wenye umri mkubwa kidogo watakwambia usubiri Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Na kuiondoa? Ikishapita Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huku ni mwanzoni mwa Septemba. Tarehe zote tatu ni rahisi kukumbuka, na hakuna hata moja iliyopangwa na ndege. Mimi nimekaa huku miaka ya kutosha, nikaishia na njia yangu: namfuatilia ndege mwenyewe tangu anapotua pwani ya kusini mpaka anapokaribia Mto Ohio, halafu ndipo natoa chupa kabatini. Si kazi ngumu. Inataka simu, subira, na tabia ya kutoamini kila nukta inayotokea kwenye zile ramani za mtandaoni ambazo watu huweka alama walikomwona ndege.

Nianze na ndege, maana kwetu hayupo. Ndege wavumaji wako aina zaidi ya 300, na wote wanaishi mabara ya Amerika tu. Sisi tuna chozi, yule mwenye manyoya ya kung'aa na mdomo uliopinda, anayefyonza ua la mgomba na maua ya mshubiri. Nimekulia Muheza, chozi nimemwona kila siku kwenye migomba ya bibi, na nilipofika huku nikawa nawachukulia kuwa ni ndugu. Si ndugu. Ni koo mbili zilizo mbali kabisa, kila moja imefikia maisha ya kunywa maua kwa njia yake. Chozi kwa kawaida hutua kwanza ndipo anywe. Wa huku anasimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga mara 50 na zaidi kwa sekunde, na huo ndio mvumo unaousikia kabla hujamwona. Wakenya wengi walimjua kwanza kwa hadithi aliyopenda kuisimulia Wangari Maathai, ya ndege huyu akibeba tone la maji mdomoni kwenda kuuzima msitu unaoungua wakati wanyama wakubwa wamesimama wanatazama. Hadithi imezunguka Afrika nzima. Ndege mwenyewe hajawahi kukanyaga.

Upande huu wa mashariki mwa Marekani anazaliana wa aina moja tu, *Archilochus colubris*, mwenye koo jekundu. Koo hilo ni la dume. La jike ni jeupe. Na wekundu wenyewe si rangi iliyomo kwenye unyoya, ni mwanga unavyopigwa na kurudi, ndiyo maana akigeuza shingo kidogo tu koo linakuwa jeusi na mgeni anakataa kwamba ni ndege yuleyule. Ana uzito wa gramu 3 hivi, unazidi kidogo sarafu ya senti moja ya hapa.

Msimu wa baridi wengi wao wanakuwa kati ya kusini mwa Meksiko na Panama. Ikikaribia Machi wanajisogeza kaskazini, wengi mpaka rasi ya Yucatán, wanakula wadudu na kunywa maua hadi uzito unakaribia mara mbili, kisha jioni moja wanaondoka kuivuka Ghuba ya Meksiko. Ni kama kilomita 800 za maji matupu, saa 18 hadi 22 angani, bila pa kutua. Upepo wa kusini ukiwapo, safari inakuwa ya kawaida. Mvua ya baridi ikiwakuta njiani, wanaofika wanaangukia kwenye vichaka vya kwanza wanavyoviona. Wengine huzunguka kwa nchi kavu kupitia Texas. Mwishoni mwa Februari na mwezi mzima wa Machi ndipo wanapoanza kuonekana pwani ya Texas, Louisiana, Alabama na Florida.

Baada ya hapo mwendo unabadilika kabisa, na ndipo hesabu yangu inapoanzia. Ndege aliyevuka bahari kwa siku moja sasa hana haraka. Mstari wa mbele unapanda kaskazini kwa wastani wa kilomita 30 hivi kwa siku, kwa sababu unafuata chakula: maua yanavyofunguka na wadudu wadogo wanavyoamka. Kutoka Mobile, Alabama, hadi Columbus, ukinyoosha kamba, ni kama kilomita 1,100. Gawanya kwa 30, unapata siku 37 hivi. Kwa hiyo wakishaenea pwani katikati ya Machi, watazamie huku wiki ya tatu ya Aprili. Nashville iko kilomita 530 kutoka kwangu. Nukta zikijaa Nashville najua nina wiki mbili na nusu. Lexington, Kentucky, ni kilomita 250, yaani wiki moja na siku. Kanuni yangu ni hiyo: Lexington ikishakuwa na nukta za kuaminika, sukari inaingia jikoni. Miaka mingine inaangukia karibu na ile siku ya kodi, ndiyo maana wenye kalenda yao huniona napoteza muda. Miaka mingine haiangukii.

Huo mwendo wa kilomita 30 msiushike kama ratiba ya basi. Ni wastani. Joto likipanda kutoka kusini kwa siku kadhaa mfululizo, mstari unaruka. Baridi ikishuka kutoka Kanada, unasimama palepale mpaka hali ibadilike. Kwa hiyo pamoja na ramani ya ndege mimi hutazama utabiri wa upepo. Nikiona upepo wa kusini unakuja, naharakisha. Nikiona baridi, nalala.

Sasa ramani zenyewe. Ninazitumia mbili, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ya Journey North, mradi ulioanza mwaka 1994 na ambao baadaye ulilelewa na bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Mtu yeyote akimwona ndege wake wa kwanza wa mwaka anaandika tarehe na mahali, nukta inatokea. Ukiitazama kuanzia Machi unaona nukta zikipanda kutoka Ghuba, zinashika Georgia na Carolina, zinafuata mabonde, zinavuka Tennessee. Watoto wangu hufungua ramani hii kabla ya kufungua katuni, nami sijawazuia.

Lakini nukta ni siku mtu aliyomwona ndege. Siyo siku ndege alipofika. Jumamosi na Jumapili nukta huongezeka sana, si kwa kuwa ndege wamekanyaga mafuta bali watu wako nyumbani wanakunywa kahawa dirishani. Mijini zimerundikana; kwenye mashamba makubwa ya mahindi magharibi mwa jimbo hakuna kitu, na sehemu ya sababu ni kwamba hakuna anayetazama. Halafu kuna ile nukta moja iliyotangulia peke yake kilomita mia kadhaa mbele ya zote. Inaweza kuwa kweli, madume wengine hutangulia hivyo. Inaweza kuwa mtu kaona kivuli. Mimi naiacha, nasubiri ya pili na ya tatu ziwe jirani yake. Kila mwaka kuna mtu anaipiga picha ile nukta moja, anaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na kila mwaka kuna wanaokimbilia dukani.

Ya pili ni eBird, iliyoanza mwaka 2002 chini ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao wa Audubon, chama cha kuhifadhi ndege. Hii ni ya watazamaji wenye nidhamu zaidi. Tofauti kubwa ni kwamba mtu huandika orodha kamili ya ndege wote aliowaona matembezini, kwa hiyo hata asipomwona mvumaji hilo nalo linasomeka. Hakuna nukta ni jambo moja. Watu ishirini wametembea kutwa na hakuna aliyemwona ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linaloniambia nisubiri. Ina pia chati za kila kaunti, wiki hadi wiki, miaka yote ikiwa imejumlishwa. Chati ya kaunti yako ukiisoma mara moja, utakuwa umepita mbali kuliko mashauri mengi ya kwenye maboksi ya chupa.

Kuna ramani ya tatu ambayo watu huichanganya na hizi, ya BirdCast, inayotumia rada za hali ya hewa kuonyesha ndege wanaopita usiku. Ni nzuri mno kuitazama, kwa ndege wengine. Mvumaji akishafika nchi kavu husafiri zaidi mchana, peke yake, chinichini juu ya miti, akila njiani. Rada haimwoni. Usiku ambao BirdCast inasema mamilioni wanapita juu ya Ohio hauna habari yoyote kuhusu chupa yako.

Jirani yangu wa upande wa kushoto, mzee aliyestaafu kazi ya posta, ndiye mwenye imani ya Siku ya Mama. Anasema mama yake mzazi, miaka ya sitini, hakuwahi kutundika chupa kabla ya siku hiyo, na hakuwahi kuwakosa. Nilimbishia kwa adabu mpaka nilipopata kitu kilichonifanya nione kwamba huenda mama yule hakuwa amekosea hata kidogo. Kuanzia miaka ya 1880, mwalimu mmoja aitwaye Wells Cooke alianzisha utaratibu wa watu kuandika kwenye kadi siku ndege wa kila aina wanapofika maeneo yao. Utaratibu uliendelea kwa karibu miaka 90, kadi zikajaa makabati kwa mamilioni. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha kadi hizo za zamani na kumbukumbu za watu wa kawaida za 2001 hadi 2010, wakakuta kwamba mvumaji mwenye koo jekundu sasa anafika mapema zaidi, kwa siku 11 hadi 18 kutegemea latitudo. Hiyo ni nusu mwezi. Nilipomwonyesha mzee alikaa kimya kidogo akasema, basi mama yangu alikuwa sahihi na wewe uko sahihi. Chupa yake ameendelea kuitundika Siku ya Mama. Kwake ile ni kumbukumbu ya marehemu, si suala la ndege, na sina neno.

Isitoshe, Siku ya Mama ina ukweli wake mwingine. Madume ndio hutangulia, wiki moja hivi au zaidi, wakagombee maeneo. Majike hufuata. Kwa hiyo mtu asiyejali koo jekundu, anayetaka kumwona jike ambaye ndiye atakayejenga na kulea, akitundika mwanzoni mwa Mei hajakosa kitu.

Hapa niseme jambo ambalo wauza chupa hawatakwambia. Ndege wa kwanza wa Aprili hakuhitaji. Amekuwa akifanya safari hii tangu enzi na enzi kabla ya sukari ya dukani. Anapofika maua bado machache, lakini kuna kigong'ota mmoja wa huku mwenye tumbo la njano ambaye hutoboa magome ya miti vitundu vilivyopangwa mistari, na utomvu ukitoka mvumaji huja kuunywa, akala na wadudu walionasa humo. Wadudu na buibui ni sehemu kubwa ya chakula chake mwaka mzima, jambo linalosahaulika kwa sababu tunamwona kwenye sukari tu. Mti rasmi wa jimbo hili, *Aesculus glabra*, nao huchanua wakati huohuo. Na msituni kuna kolumbini, ua jekundu lenye njano ndani, linaloinamia chini, ambalo kuchanua kwake na kufika kwa ndege huyu vinakwenda pamoja kiasi kwamba nikiliona limefunguka kusini mwa mji naacha kutazama simu.

Basi kwa nini kutundika mapema? Kwa ajili yangu. Dume aliyefika akikuta chupa anaweza kuliweka eneo langu kwenye mzunguko wake, nami nikapata kumwona kila siku. Na siku za baridi ya ghafla, ambazo Ohio inazo mpaka katikati ya Mei, wadudu wanapotoweka, chupa inaweza kumsaidia kweli. Lakini anayesema ndege watakufa kwa sababu umechelewa wiki moja anakuuzia kitu.

Kazi yangu ni ya ghala, zamu ya usiku, narudi nyumbani alfajiri. Saa hiyo inafaa sana kwa shughuli hii. Usiku wa baridi mvumaji hushusha joto la mwili na mapigo ya moyo, akalala usingizi unaokaribia kuzimia ili asimalize akiba yake, na akiamka jambo la kwanza ni kula. Maji ya sukari huganda kwenye baridi iliyo chini kidogo tu ya sifuri, kwa hiyo usiku wa jalidi mke wangu huingiza chupa ndani kabla ya kulala, nami nikirudi naitoa nje kabla sijavua viatu. Baba wa nyumba anayekaa hadi mchana akiitoa saa nne, mlo wa asubuhi umeshapita.

Na ndiyo saa ambayo Tanga ni mchana, saa ya kumpigia mama. Mwaka jana nilikuwa nimesimama nje na simu, akaiona nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala? Na hilo lichupa jekundu la nini?"

Nikamweleza.

"Sukari? Hii ya kununua? Huku watu tunaipima kwa kijiko, wewe unamwagia ndege." Akamwita dada yangu aje asikie. Halafu akafikiri. "Sasa kama ni wa maua, si umpe asali? Nitakuagizia ya Handeni."

"Asali haimfai, mama. Ikichanganywa na maji inachacha haraka, inaota ukungu, inamdhuru."

"Kwa hiyo asali mbaya, sukari ya dukani ndiyo nzuri." Alinitazama kwa muda. "Basi mpe na chai."

Sikuweza kumlaumu, maana ni kweli inashangaza. Lakini nekta ya maua anayoyafuata ni maji yenye sukari kiasi cha robo au pungufu, na sukari nyeupe ya kawaida ndiyo iliyo karibu nayo zaidi. Kikombe kimoja cha sukari, vikombe vinne vya maji. Nachemsha maji, nayeyusha, naacha ipoe. Sukari ya kahawia hapana, guru hapana, zina madini ya chuma yanayomzidi ndege mdogo hivi. Sukari za wagonjwa wa kisukari hapana, hazina nguvu yoyote ndani yake. Ndege anajaza tumbo na njaa iko palepale. Rangi nyekundu ya kutia ndani ya maji haina kazi kwa sababu chupa yenyewe ni nyekundu, na maduka bado yanaiuza.

Kinachohusu majira ya kuchipua ni kipimo cha kujaza. Aprili usijaze. Robo ya chupa inatosha, kwa sababu pengine hatatokea mnywaji kwa wiki nzima, na maji hayo yatamwagwa tu. Kukiwa na ubaridi nabadilisha kila baada ya siku nne au tano, ndege awe amekuja au hajaja. Julai ni kila siku mbili, na joto likizidi ni kila siku. Maji yakionekana na ukungu, hata kidogo, yamechelewa kumwagwa. Naosha kwa maji ya moto, brashi na siki. Watu wanahesabu siku ya kutundika kana kwamba ndiyo kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni kuosha, na haina picha nzuri ya kutuma. Kama unajijua hutaosha, panda maua uachane na chupa.

Sisimizi wanazuiwa kwa kikombe kidogo cha maji juu ya chupa, wakifika wanakwama. Mafuta usipake, yanashika manyoya. Dume mmoja akiikamata chupa na kufukuza wenzake, usimpigie kelele, tundika nyingine upande wa pili wa nyumba asikoweza kuona.

Mwaka juzi alihamia nyuma yetu familia ya kutoka Bukavu, na mama mwenye nyumba alilima ua wote: lengalenga, matembele, na maharage yenye maua mekundu, yale yanayopanda kwenye miti. Sijui mbegu aliitoa wapi. Katikati ya Juni akanigongea, ana wasiwasi. "Baba, kuja uone. Hii ni ndege ao mududu?" Alikuwa jike, anapita ua kwa ua kwenye maharage, wala hana habari na chupa zangu mbili zilizooshwa vizuri. Maharage yale yamekuwa fundisho kuliko yote niliyoyasoma. Tangu hapo nimepanda mtambaazi wa asili wa mashariki mwa Marekani, *Lonicera sempervirens*, wenye maua mekundu marefu membamba, na kwenye sehemu yenye majimaji nikaweka *Lobelia cardinalis*, linalochanua kuanzia Julai. Mama yule naye nilimwomba jambo moja, asipulize dawa ya wadudu, na asifagie utando wa buibui chini ya paa lake. Alinishangaa kama mama yangu. Lakini jike hujenga peke yake, dume hamsaidii chochote, na kiota chake kidogo hushikiliwa kwa nyuzi za buibui, ndizo zinazokifanya kinyumbuke makinda yanapokua. Mayai mawili, kila moja urefu wa sentimita 1.3 hivi. Wiki mbili za kuatamia, wiki tatu za kulisha, na anacholisha ni wadudu. Ukiua wadudu wa uani ukaacha chupa ya sukari, umemwachia mama kinywaji ukawanyima watoto chakula.

Kuhusu kuondoa chupa sitasema mengi. Madume huanza kushuka kusini mwishoni mwa Julai na Agosti, majike na makinda hufuata mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Kuna watu wanaondoa chupa mapema wakihofia kwamba itamzuia ndege asisafiri. Haimzuii. Anaondoka kwa kufuata urefu wa mchana, na ushahidi ni kwamba madume huondoka wakati maua na chupa zimejaa tele. Kitu kinachoniacha mdomo wazi ni kwamba makinda husafiri bila mzazi, kila mmoja peke yake, mara ya kwanza. Mimi naacha chupa moja mpaka Oktoba iishe, kwa sababu mvumaji anayeonekana Ohio mwishoni mwa mwezi huo au Novemba mara nyingi si huyu wetu bali mgeni wa kutoka magharibi, hasa yule wa rangi ya kutu, na watu wa kuvisha ndege pete wanapenda kupata habari zake. Pete hizo ndizo zilizotufundisha kwamba jike mmoja wa aina yetu, aliyenaswa tena West Virginia mwaka 2014, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 9. Zidisha mwenyewe mara ngapi alivuka Ghuba.

Ndugu walioko majimbo mengine hunipigia kuuliza tarehe zao, na jibu langu la Columbus haliwafai. Aliyeko Houston atundike mwanzoni mwa Machi au hata kabla. Atlanta, katikati ya Machi, na mwishoni mwa mwezi huo wawepo. Louisville ni kama wiki moja kabla yangu. Lowell na Boston, mwishoni mwa Aprili. Minneapolis na Toronto, mwanzoni mwa Mei, na msidanganywe na siku mbili za jua la Aprili. Aliyeko Seattle ana mambo mengine kabisa: huko kuna mvumaji wa Anna, anayekaa mwaka mzima, hata theluji ikianguka, kwa hiyo chupa haishuki kamwe. Binamu yangu anaishi huko, na Januari huamka saa kumi na moja kwenda kubadilisha chupa iliyoganda, akinilaumu mimi niliyemfundisha.